Makofi ya Mtaa wa Nguzo

Jina la nchi yetu sitalitaja, kwa sababu lenyewe liko mbele ya kamati na wananchi bado wanalitolea maoni. Itoshe kusema kwamba ni nchi isiyofanya jambo lolote bila kuwashirikisha watu wake. Mwaka juzi mvua ilinyesha bila kikao, na mkurugenzi wa hali ya hewa akahamishwa.

Mimi ni karani wa kumbukumbu katika Wizara ya Ushirikishwaji. Naandika yanayosemwa vikaoni, na kwa miaka kumi na tisa sijaongeza wala kupunguza neno. Wapo wenzangu waliopanda vyeo kwa kuongeza, na wengine kwa kupunguza. Mimi nimebaki karani. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba anayemsimulia si mtu wa porojo.

Habari yenyewe ni ya katikati ya Jiji Kuu, mahali paitwapo Mtaa wa Nguzo. Majengo ya pale ni ya zamani, maduka chini na vyumba vya kuishi nyuma, na mbele yake pana varanda moja ndefu iliyobebwa na nguzo, hata mtu akaweza kutembea mtaa mzima bila kupigwa na jua. Serikali ilikuwa ikiona aibu. Wageni wa heshima walikuwa wakiuliza mji huu ulijengwa lini, na hakuna aliyeweza kuwajibu kwamba ulijengwa wiki iliyopita. Basi ukaandaliwa Mpango wa Katikati ya Mji wa Miaka Mia. Ulipokwisha kuchapishwa kwa rangi, kuzinduliwa na kuwekewa jiwe la msingi, ikaamuliwa kwamba sasa wakati umefika wa kuwauliza wakazi wanataka nini.

Lazima nieleze jinsi tunavyouliza, maana nchi nyingine ziko nyuma. Zamani tulitumia kura za karatasi, lakini wananchi waliandika humo mambo ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wazima. Tukajaribu kunyoosha mikono, ikawa hatujui nani anakubali na nani anaomba kwenda msalani. Ndipo Waziri wetu, Mheshimiwa Dakta Leonsi Kabugumba, alipobuni makofi. "Kofi," alisema bungeni, "ni ndiyo inayotoka moyoni ikipitia viganjani." Ikanunuliwa mashine ya kuhesabu makofi, yenye namba nyekundu kubwa zinazoonekana hadi mlangoni. Na sheria ikatungwa: kofi lolote litakalopigwa ndani ya ukumbi wa mkutano, na mtu yeyote asiye mtumishi wa Serikali, kwa sababu yoyote, ni kura ya kuunga mkono hoja iliyo mezani. Sheria hiyo nayo ilipitishwa kwa makofi.

Anayepinga hakusahauliwa. Yeye hujaza Fomu Namba Kumi na Nne, nakala sita, na kuziwasilisha kwa mkono wake katika ofisi ya wilaya. Ofisi ya wilaya ilibomolewa katika awamu ya kwanza ya Mpango.

*

Mkutano wa kwanza ulijaa. Mheshimiwa Waziri alisimama, akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia kwa dakika arobaini.

"Ndugu wananchi," akaendelea, "mji huu ni wenu. Sisi ni watumishi tu. Hatukuja hapa kuwaambia, tumekuja kuwasikiliza. Nyinyi wenyewe, kwa uhuru wenu kamili, ndio mtakaoamua rangi ya mabenchi."

Watu wakapiga makofi. Mashine ikasoma elfu moja na tisini.

Kisha wakazi wakapewa nafasi, na aliyefika kwanza kwenye kipaza sauti alikuwa Bi Zuhura, fundi wa kuchonga funguo. Ni mwanamke mfupi wa makamo, viganja vyake vimeshika vumbi la shaba lisilotoka kwa sabuni. Meza yake iko chini ya nguzo ya tisa. Kazi hiyo aliipokea kwa mumewe, Mzee Chande, siku ambazo macho ya mzee yalikuwa yakififia na alikuwa akimwelekeza mkewe kwa mdomo.

"Mheshimiwa, mimi sina mengi," alisema. "Mume wangu haoni. Alipopofuka alikaa ndani miezi minane, hata kula hataki. Siku moja akatoka mwenyewe, akaishika nguzo ya kwanza, akarudi ndani. Kesho yake akafika ya pili. Imemchukua miaka tisa. Sasa zote thelathini na moja anazijua, ipi imepasuka, ipi ina msumari. Anakwenda msikitini, anakwenda kunyoa, anarudi, hashikwi mkono na mtu. Mkizivunja mtakuwa mmemrudisha kitandani. Ana miaka sabini na minne, mheshimiwa. Hana miaka mingine tisa ya kujifunza. Naomba mtuache tulivyo."

Ukumbi ulisimama. Katika nchi yetu kumwacha mtu arudi kitini kwake bila makofi baada ya kusema ni utovu wa adabu ambao mama wa mtu huulizwa alimlea vipi. Tunampigia makofi bwana harusi akishukuru, tunampigia anayesoma wasifu wa marehemu, tunampigia na fundi bomba akishaeleza kwa nini maji hayatoki. Na Bi Zuhura alikuwa amesema vizuri. Wanawake walimpigia huku wanalia, wanaume walipiga mpaka viganja vikawawasha.

Mashine ikasoma elfu sita mia mbili na kumi na nne.

Mheshimiwa Waziri alifuta machozi. "Sijapata kuona Mpango ukiungwa mkono namna hii," alisema. Nami nikaandika hivyo.

*

Siku tatu baadaye Bi Zuhura alikuja ofisini kwangu kuomba kusoma kumbukumbu. Ni haki ya kila mwananchi, na alikuwa wa kwanza kuidai, kwa hiyo nilimfutia kiti vumbi.

Alisoma polepole, kidole kikitembea chini ya mstari. *Bi Zuhura alizungumza kuhusu mumewe na nguzo. Makofi 6,214. Hoja iliungwa mkono.*

"Hoja ipi, kaka?"

"Iliyokuwa mezani. Mpango."

"Mimi niliupinga."

"Imeandikwa hapo kwamba ulizungumza. Na waliokusikia wakapiga makofi. Makofi ni ndiyo."

Aligonga kwa kidole ile namba ya makofi. "Kwa hiyo ningesema vibaya, ningekoroma tu pale mbele, ingekuwa heri?"

Nilimjibu kwamba Wizara haina msimamo juu ya kukoroma. Lakini kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, na alikuwa ameuliza, nilimfungulia sheria na kumwonyesha mambo mawili. La kwanza, mikutano ni mitatu. La pili, wa tatu ndio wa uamuzi, na kifungu cha arobaini kinasema kwamba ukimalizika bila kofi hata moja, Mpango unarudi kabatini kwa miaka saba. Kifungu hicho kilitiwa na mwanasheria mmoja ili mswada ufike kurasa hamsini. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba katika nchi hii mkutano unaweza kwisha bila makofi.

"Miaka saba," alisema Bi Zuhura. Niliona anapiga hesabu ya umri wa mumewe. "Itatutosha."

*

Kwenye mkutano wa pili alikuwa wa kwanza tena kwenye kipaza sauti.

"Ndugu zangu, nawaombeni kitu kimoja. Msipige makofi. Nimesoma kwenye vitabu vyao kwa macho yangu. Kila kofi mnalonipigia linabomoa nyumba. Mkinipenda, mkimpenda Mzee Chande, kaeni kimya. Hata nikimaliza sasa hivi, nyamazeni. Nimemaliza."

Mtaa wa Nguzo ulikuwa haujawahi kusikia hotuba fupi, ya kweli, na yenye ujasiri kama ile. Walipiga makofi ya mstari, wakapiga ya kawaida, wakarudia ya mstari. Bi Zuhura alisimama pale mbele akipunga mikono wanyamaze, na wao wakadhani anawashukuru, wakaongeza. Aliketi chini, sakafuni, akajifunika uso kwa khanga. Mashine ilifika elfu tisa na mia nane, na fundi wake akaizima kidogo ipoe.

"Mama huyu," alisema Mheshimiwa Waziri, "ni hazina ya taifa."

Siwezi kuficha kwamba nilimwonea huruma. Lakini huruma haina safu yake katika daftari langu, na sikujua niiandike wapi.

*

Wiki mbili kabla ya mkutano wa uamuzi, Bi Zuhura alifunga meza yake akapita mlango kwa mlango. Hakuhutubia tena, alikuwa ameshajifunza. Aliingia dukani, akaketi, akaeleza kwa sauti ya chini, akasubiri mtu arudie mwenyewe alichoelewa. Asiyeelewa alimrudia kesho yake. Wengine walishtuka kujua kwamba kumbe wao ndio waliopitisha Mpango mara mbili, na viganja vyao vyenyewe. Lukindo kinyozi, ambaye duka lake liko nguzo ya ishirini na mbili na ndiye anayemnyoa Mzee Chande kila Alhamisi, aliacha mteja na nusu ya ndevu.

"Nitaikalia mikono yangu, dada," alimwambia. "Nitaikalia mpaka ife ganzi."

Nilipita mtaani siku moja kugawa mialiko, nikawakuta wanafanya mazoezi. Mmoja anasimama chini ya varanda, anasema maneno ya kugusa moyo, na wengine wanamtazama tu huku wamekumbatia makwapa yao. Ilikuwa kazi ngumu. Mzee mmoja wa duka la nyuzi alishindwa mara nne, akamwomba mkewe amfunge mikono kwa utepe. Mzee Chande mwenyewe hakufundishwa, kwa kuwa hakuwa akija mikutanoni. Mkewe alimwambia kwamba mambo yanashughulikiwa. Nilimwona akipita kati yao na kanzu yake safi, mkono wa kulia ukigusa nguzo moja baada ya nyingine, hana haraka, anasalimia watu akiwatambua kwa sauti zao.

*

Mkutano wa tatu ulikuwa na kitu kipya. Juu ya jukwaa, katikati ya meza kuu, Wizara ilikuwa imeweka mfano mdogo wa mji, umechongwa kwa mbao laini na plastiki, na miti ya sifongo. Ulikuwa unapendeza. Watu wa mfano huo walikuwa warefu kuliko watu wetu, na wote walikuwa wanatembea na mbwa.

Mheshimiwa Waziri alihutubia kwa saa moja. Alipofika mahali ambapo watu hupiga makofi, alinyamaza kidogo, akatabasamu. Watu mia nne walimtazama, mikono chini ya mapaja. Akarudia sentensi. Kimya. Akasema neno "uzalendo", ambalo halijawahi kumwangusha mtu. Kimya. Jasho likaanza kumtoka, na ile mashine ikabaki na sifuri yake nyekundu. Hata mimi nilipata taabu, maana kimya ni vigumu kukiandika.

Akamwinamia katibu wake, wakanong'ona, kisha akainuka tena. "Sheria inatutaka tuwashirikishe wenye ulemavu," alisema. "Tunaye ndugu yetu asiyeona, ambaye tumesikia habari zake. Aletwe. Ashirikishwe kwa vidole."

Bi Zuhura alisimama kupinga, lakini gari la Wizara lilikuwa limeshakwenda kumchukua. Mzee Chande aliingia ameshikwa mkono na afisa itifaki, akiuliza kwa upole anapelekwa wapi. Mkewe alikimbia akamshika mkono mwingine, akampandisha ngazi za jukwaa. Hapo afisa akamwambia yeye ashuke, kwa kuwa hakuwa kwenye orodha ya meza kuu.

"Huu ni mtaa wetu utakavyokuwa," Bi Zuhura alimwambia mumewe haraka. "Wanataka uushike. Ushike tu, halafu tunarudi nyumbani." Akashuka, akasimama chini pamoja na wengine.

Mzee Chande aliweka mikono juu ya mfano. Mtu aliyechonga funguo maisha yake yote ana vidole vya ajabu. Alipapasa mara moja tu akajua. "Hii posta," alisema, akitabasamu. "Huu mnara wa saa. Msikiti huu, mmeuacha, Mungu awabariki." Kutoka msikitini vidole vyake vikageuka kulia, vikaanza kutembea vikitafuta nguzo ya kwanza. Havikuipata. Vikaenda mbele, vikarudi, vikaanza upya msikitini. Safari hii alikwenda taratibu zaidi, na mkono ukateleza juu ya kioo laini, kipana, cha baridi.

"Hapa pana nini?"

"Ziwa la Maridhiano," alijibu afisa. "Litakuwa na chemchemi."

"Nyumba yangu iko wapi?"

Afisa alimtazama Waziri. Waziri alitazama karatasi zake. Ukumbini hakuna aliyekohoa. Watu mia nne walikuwa wanajizuia kwa kila kiungo cha mwili, machozi yanawatiririka na hawana mkono wa kuyafuta. Dakika nzima ilipita. Katibu wa mkutano alikuwa ameshafungua kitabu ili afunge mkutano.

Mzee Chande akainua uso, akageuza sikio huku na huku. Nadhani alihisi kwamba ameachwa peke yake katika chumba kikubwa. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba nyumbani kwao, akitaka kujua mkewe yuko upande gani, hakuwa na desturi ya kupiga kelele. Alikuwa akipiga kofi moja, na mkewe akaitika.

Alipiga kofi moja.

"Nipo," aliitika Bi Zuhura, na ndipo akajiziba mdomo.

Ile sifuri ikageuka kuwa moja.

*

Bi Zuhura alipokwisha kumtoa mumewe nje, Mheshimiwa Waziri alisimama na uso unaong'aa. Alitangaza kwamba Mpango umepita kwa kura moja dhidi ya sifuri, ambayo ni asilimia mia moja, na kwamba ni mara ya kwanza katika historia ya taifa kwa mlemavu kuamua peke yake mustakabali wa jiji. Meza kuu ikapiga makofi. Wakazi walipiga kelele kwamba si haki, alikuwa anamwita mkewe, na Waziri akawajibu kwa utaratibu kwamba sheria inasema kwa sababu yoyote. Lukindo kinyozi alibaki ameikalia mikono yake, hata watu wote walipokwisha kutoka.

Nguzo zilianguka kwa siku mbili. Nilitumwa kushuhudia, nikaandika idadi. Thelathini na moja, sawasawa na alivyosema Bi Zuhura.

Wakazi walipelekwa Makazi ya Walioshirikishwa, mwendo wa saa mbili kutoka mjini, kwenye uwanda ambako nyumba zote ni sawa na kati ya nyumba na nyumba hakuna kitu cha kushika. Mwezi wa pili, nikaagizwa kumpelekea Mzee Chande Cheti cha Kofi la Uamuzi, chenye muhuri wa dhahabu. Kanuni inasema kwamba asiyeona asomewe cheti chake kwa sauti, chote.

Bi Zuhura alinipokea mlangoni. Alikuwa amekonda. Alipoona muhuri alinivuta pembeni. "Hajui, kaka," alininong'oneza. "Nimemwambia watu walizidiwa wakapiga makofi. Nimemwambia walikuwa wengi. Toka tuje hajavuka kizingiti hiki, lakini anakula, na bado ananipigia kofi akinihitaji. Nakuomba kwa Mungu, usimsomee hiyo."

"Nani huyo?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Shikamoo mzee. Ni karani wa Wizara."

"Marahaba, marahaba. Karibu ndani, mwanangu."

Niliingia. Bi Zuhura alipita mbio kuelekea uani, nikasikia anavyolia huko. Nami nikafungua cheti, nikasoma. Ningeweza kusoma chochote. Ningeweza kusoma salamu za Waziri, au majina ya wenyeviti wa kamati, asingejua. Wazo hilo halikunijia mpaka nilipokuwa garini narudi, na tangu siku hiyo sijawahi kulala vizuri. Nilisoma kila neno, kama ninavyosoma siku zote, kwa sauti iliyo wazi: kwamba kura iliyopitisha Mpango ilikuwa moja, na kwamba ilikuwa yake.

"Wengine walikuwa wangapi?" aliuliza.

"Sifuri, mzee."

Alitikisa kichwa polepole. Alisema ahsante. Kisha akakumbuka kwamba ana mgeni na mgeni hajapewa hata maji, akainua mikono yote miwili mbele ya kifua ili amwite mkewe.

Mikono ilisimama hapo. Aliishusha, akailaza juu ya magoti, mmoja mbali na mwingine, tukakaa kimya mimi na yeye, tukisubiri Bi Zuhura aje mwenyewe.